Boti Iliyotikisa Kichwa Bwawani

Kaka yangu alirudi Lushoto na ufundi ambao huku milimani hakuna pa kuufanyia kazi. Tangu ujana aliishi Tanga, akijenga boti za faiba kwenye karakana iliyopakana na bahari, mpaka mkewe aliposema joto la pwani limemtosha na anataka watoto wake wakue wakivaa sweta. Wakapanda mlima na vyombo vyao vyote. Katikati ya magodoro na masufuria kulikuwa na kalibu ya boti, aliyoachiwa na mwenye karakana alipofunga kazi. Ukiitazama kwa haraka ungedhani ni bafu la kuogea majitu. Ndani yake ndimo faiba hulazwa tabaka kwa tabaka, hupakwa gundi, ikikauka hutolewa ikiwa na umbo la boti.

"Huku utamjengea nani?" nilimuuliza. "Mito yetu watu wanavuka kwa kukunja suruali."

"Boti haijengwi majini," akanijibu. "Inajengwa bandani. Na banda Mama analo."

Mama alikuwa nalo kweli, nyuma ya nyumba, banda la mabati alilokuwa akihifadhia viazi. Akampa mwanawe sehemu kubwa, akabaki na kona. Majirani wakaanza kupita kwa visingizio. Watu wa kwaya yetu, wakitoka mazoezini, walichungulia mlangoni na kumwita Nuhu, wakamuuliza kama mvua kubwa inakuja waanike mahindi mapema. Kaka alicheka nao. Alisema baridi ya kwetu ni rafiki wa fundi: kule Tanga gundi ilikuwa inaganda kabla hujanyoosha kitambaa cha faiba, huku unalaza kitambaa, unakunywa chai, unarudi na bado unaweza kukinyoosha.

Mimi ni fundi wa injini. Niliwahi kuishi na kaka kule Tanga, nikajifunza kazi kwenye karakana ileile, upande wa mashine, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi na sikuogopa, mara nyingi mimi ndiye niliyepewa usukani boti mpya zilipojaribiwa. Nilirudi milimani kabla yake. Nina kibanda cha ufundi pembeni ya soko, na wateja wangu ni wakulima wa mbogamboga wenye pampu za kumwagilia na vijana wa pikipiki. Miaka mingi ilipita bila mimi kugusa injini ya boti, na sikujua kama nilikuwa nimeikumbuka hadi siku kaka alipokuja kibandani akiwa amejaa vumbi jeupe la faiba hadi kwenye nyusi.

"Nimepata kazi," akasema. "Boti ya mwendo kasi. Injini utaifunga wewe."

Aliyeagiza alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, huko chini, mbali kidogo na barabara ya kwenda Moshi. Alipanda mwenyewe kuja kuona inapojengwa, amevaa sweta juu ya sweta na koti la mvua juu yake, na bado alitetemeka. Mama akampa uji wa moto. Akatueleza kuwa bwawa lao ni pana, na ng'ambo kuna vijiji ambavyo kwa barabara ni safari ya kuzunguka sana. Mtu akiugua kule, au upepo ukipindua mtumbwi, wa kwenda na kasia huwa anafika mambo yameshaharibika.

"Nataka kitu kinachokimbia," alisema, akiushika ule uji kwa mikono miwili. "Lakini kisitishe watu. Watu wetu wengi wamezoea mtumbwi, ukiwatisha mara moja hawapandi tena."

Kaka alimwambia asiwe na wasiwasi. Kalibu hiyo ilikwisha kutoa boti nyingi, na hakuna hata moja iliyomtia aibu.

Boti ilijengwa wakati wa baridi kali, ukungu ukishuka hadi mlangoni. Gundi ilikauka polepole kuliko kawaida. Viazi vya Mama vikakomaa shambani vikavunwa, vikarundikwa barazani, na kila asubuhi alikuwa akimkumbusha kaka kwamba vinaanza kuota. Mwisho kaka akaitoa boti kwenye kalibu, akaiweka nje nyuma ya banda, chini ya turubai, juu ya magogo, akaendelea nayo hapohapo: viti, usukani, rangi ya samawati. Ikapendeza sana. Watoto wa shule walikuwa wakipita njia ndefu ili waione.

Tuliishusha kwa lori la mtu wa kabichi. Mimi na kaka tulikaa nyuma na mzigo wetu, tukikagua kamba kila kona, na kutoka Soni kwenda Mombo kona haziishi. Mama alikaa mbele na dereva. Hakualikwa. Alitoka ndani asubuhi amevaa kitenge kipya, na mwavuli mkononi, akapanda.

"Mama, kule kuna jua kali," kaka alimwambia.

"Miezi yote nimelala na hilo ligundi likininukia ukutani," akasema. "Lazima nilione likielea."

Pale Mombo, tulipoteremka kunywa chai, muuza vitunguu mmoja alilizunguka lori mara mbili akauliza kama tunauza hilo tangi la maji. Kaka akakasirika kidogo. Mama akamwambia yule kijana kuwa ni boti, imetoka Lushoto, na kijana akacheka hadi akaweka chini vitunguu vyake.

Tulifika bwawani alasiri. Sikumbuki kuona maji mengi namna ile tangu nitoke Tanga, yamekaa kimya katikati ya nchi kavu, milima ya Upare upande mmoja ikiwa na rangi ya majivu. Mwenyekiti alitupokea kwa furaha, akamwamkia Mama shikamoo kwa kuinama, akatupa nyumba ya dada yake tulale. Kesho yake mapema nikaifunga injini, tukaiteremsha boti majini. Ilielea vizuri, sawasawa, haikulalia upande wowote. Wavuvi wakapiga makofi. Mama akafungua mwavuli wake, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, kama mtu aliyekuja kwenye harusi.

Tulipanda watatu: mimi kwenye usukani, kaka pembeni, mwenyekiti nyuma yetu ameshika kofia yake. Mwendo mdogo ulikuwa mtamu. Nikaongeza mafuta, pua ikanyanyuka, kisha boti ikapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, na moyo wangu ukateleza nayo. Nikageuka kumtazama kaka, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Nikasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Hapo ndipo boti ilipoanza kutikisa kichwa. Pua ikapanda, ikashuka ikapiga maji. Ikapanda tena, juu zaidi, ikashuka kwa kishindo. Maji yalikuwa kama kioo, hakuna hata wimbi moja, lakini sisi tulikuwa tunaruka kama tuliopanda punda asiyetaka mzigo. Kofia ya mwenyekiti ikaenda zake. Nikapunguza mafuta, tukatulia. Nikaongeza, tukaanza tena.

Tuliporudi ufukweni mwenyekiti alishuka taratibu akajishika mbavu. "Inakimbia," akasema kwa adabu. "Kukimbia inakimbia."

Kaka hakungoja. "Injini umeielekeza vibaya," akaniambia. "Umeinua propela mno, ndiyo maana inasukuma pua juu."

"Injini yangu haina kosa. Angalia hiyo boti yako."

"Boti yangu imetoka kwenye kalibu ileile!"

"Na injini imetoka dukani!"

Mama akatutazama kwa zamu, akasema kwa Kishambaa kwamba ametusikia sisi wawili tangu tukigombea kijiko, na kwamba watu wanatuangalia.

Alichosema kaka kilikuwa na maana, hata kama sikutaka kumkubalia. Injini ya aina ile unaweza kuiinamisha kwa kitufe wakati unakwenda. Propela ikivutwa karibu na mkia wa boti, pua inashuka. Ikisukumwa mbali, pua inapanda. Nikarudi majini, nikaivuta ndani kidogo kidogo. Kutikisa kukapungua, lakini sasa pua ilikuwa inalima maji kama jembe, tukaloa chapachapa, na mwendo wote ukaisha. Mtu anayetaka boti ya kasi huwezi kumpa hiyo.

Mchana ule tukafanya mambo ya watu wenye haraka. Nikaishusha injini tundu moja kwenye ubao wake wa nyuma. Kaka akalisogeza tangi la mafuta. Nikabadilisha propela, nikaweka ile ya akiba. Yote kwa mara moja, jua likituchoma, mwenyekiti akituletea maji ya kunywa. Tukajaribu. Boti ikatikisa kichwa vilevile, na zaidi ya hapo ikawa mbovu kwenye kona: nikikata kona injini inapiga kelele kubwa na boti haisogei, propela inazunguka kwenye povu badala ya maji. Sasa tulikuwa na magonjwa mawili, na hatukujua ni dawa ipi iliyoleta la pili.

Niliketi mchangani nikacheka. Kaka akaniuliza nacheka nini.

"Mteja akiniletea pampu," nikamwambia, "nikibadilisha plagi na kabureta na mafuta kwa pamoja, halafu ikawaka, nitasema ilikuwa na nini?"

Akafikiri. "Hutajua."

"Basi turudishe kila kitu kilivyokuwa asubuhi. Kesho tubadilishe kitu kimoja, tujaribu, ndipo tuguse kingine."

Alikubali. Kwa kaka yangu hilo si jambo dogo, na nilijua kakubali kwa moyo kwa sababu alikwenda mwenyewe kunifungulia boksi la spana.

Asubuhi iliyofuata tuliamka mapema kabla upepo haujaanza. Tukachagua njia moja ya kujaribia, kutoka kwenye jiwe jeusi hadi kwenye nguzo za nyavu, kwenda na kurudi, mwendo uleule. Kwanza nikakagua usukani: hauna mchezo, ukiugeuza kidogo tu injini inatii. Nikakaza boliti za injini ingawa zilikuwa zimekaza. Kaka akafungua kifuniko cha sakafu akaingiza mkono hadi begani kuona kama maji yamejikusanya chini; palikuwa pakavu. Tukajaribu propela moja, tukarudi. Nyingine, tukarudi. Tukashusha injini tundu moja peke yake, kutikisa hakukupungua. Tukaipandisha ilipokuwa. Ile kelele ya kwenye kona ilikuwa ya ile propela ya akiba, basi. Hilo lilikuwa limepatikana, tukaifunga kwenye gunia.

Lakini kichwa bado kilitikisika. Saa hizo Mama alikuwa amechoka na ndoo.

"Mimi nilikuja kupanda," akasema.

Mwenyekiti akamvalisha jaketi la uokozi, likagoma kufunga mbele, akatafuta kubwa zaidi. Mama ni mtu mwenye mwili. Akauliza kama mamba wapo. Mwenyekiti akasema wapo, lakini hawapendi kelele za injini. "Basi usiizime," Mama akaniambia mimi.

Tulimketisha nyuma kabisa, kwa sababu nyuma hakuruki sana kama mbele. Nikaongeza mwendo. Ikawa vibaya kuliko wakati wowote. Pua ilipanda hadi sikuona mbele, ikashuka, ikapanda. Mama alishika mwavuli kwa mkono mmoja na shati la kaka kwa mkono mwingine.

"Mnaniketisha huku kama gunia!" akapiga kelele. "Sioni chochote! Nataka mbele!"

Nikasimamisha boti. Kaka akamshika mkono, Mama akavuka viti hadi mbele, akakaa karibu na pua amenyoosha miguu. Nikaondoka tena, taratibu, halafu kasi, halafu hadi mwisho. Boti ikalala juu ya maji, ikanyooka, ikakimbia. Ikatikisa kichwa mara moja tu, kidogo, kama mtu anayesalimia akiwa mbali, kisha ikatulia.

Mimi na kaka tukatazamana.

"Mama," akaita, "hebu rudi nyuma kidogo."

"Nirudi tena?"

"Kidogo tu. Hapo katikati."

Akarudi katikati: boti ikaanza kutikisa, si sana. Akarudi nyuma kabisa: ikaruka. Akaenda mbele: ikatulia. Tulimsogeza Mama asubuhi yote, mpaka akasema viazi vyake vyenyewe havijawahi kubebwa namna ile. Lakini alikuwa anacheka, na kila alipofika mbele alifunga mwavuli akanyoosha uso kwenye upepo.

Ufukweni kaka akatangaza kuwa jibu limepatikana: mkia ni mzito, tangi la mafuta lihamishiwe mbele, kazi imekwisha. Mwenyekiti akakuna kichwa chake kisicho na kofia.

"Na siku nikiwa na mgonjwa, nikamlaza nyuma?"

Kaka akageuka kulitazama tena lile tangi. Na mimi nilikuwa na swali langu. Boti zote zilizotoka kwenye kalibu ile nilizozijaribu kule Tanga zilibeba watu nyuma, tena watalii wenye mizigo, na hazikuruka. Kalibu ni moja, viti viko palepale, tangi liko palepale. Kwa hiyo uzito ulikuwa unaonyesha ugonjwa tu, haukuwa ugonjwa wenyewe. Kuna kitu hii moja ilikuwa nacho ambacho ndugu zake hawakuwa nacho.

"Tuitazame tumboni," nikasema.

Wavuvi walitusaidia kuivuta juu ya magogo hadi mchangani, tukaiegemeza upande mmoja juu ya matairi ya zamani. Kaka alikuja na rula yake ndefu ya alumini, ile anayonyooshea mbao, akailaza chini ya boti kwa urefu, kuanzia mkiani kwenda mbele. Sehemu ile ya nyuma inapaswa kuwa nyoofu kama meza. Hiyo ndiyo inayobeba boti ikiwa kwenye kasi, sehemu ya mbele yote inakuwa hewani. Akalala chali mchangani akatazama.

"Njoo uone," akaniambia.

Nikalala pembeni yake. Rula iligusa tumbo la boti vizuri, lakini kuelekea mkiani ilikuwa inaachana nayo polepole, na mwisho kabisa mwanga wa jua ulipita kati yake na faiba, mstari mwembamba uliozidi kunenepa. Ningeweza kuingiza kidole. Tumbo lilikuwa limetuna kwenda chini na mkia umejikunja kwenda juu, kama miguu ya kiti cha kubembea. Na ndivyo ilivyokuwa ikifanya majini, ikibembea. Pua ikipanda, boti inaviringika juu ya ule mviringo hadi mkia, haipati pa kusimamia, inarudi mbele, inaanza upya.

"Kalibu haina huu mkunjo," kaka akasema akiwa bado amelala. "Nimeipima mwenyewe." Akafumba macho, nikajua anairudisha nyuma ya nyumba kwa mawazo. "Magogo," akasema mwisho. "Niliiweka juu ya magogo mawili. Moja chini ya pua, moja mwisho kabisa wa mkia. Katikati hakuna kitu. Na gundi ilikuwa bado haijakomaa ndani kwa ile baridi. Tumbo likashuka lenyewe, polepole, mimi napaka rangi juu."

"Kwa nini uliitoa mapema?" mwenyekiti akauliza.

Kaka akamtazama Mama.

"Nilitaka banda langu," Mama akasema. "Hayo ni kweli. Lakini ni viazi vyangu vilivyokwambia uweke magogo mawili?"

Kaka akacheka akiwa chali, akapiga mchanga kwa kiganja. Wavuvi nao wakacheka. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kucheka, nadhani alisubiri kuona kama inaruhusiwa.

Kabla ya kugusa faiba tulitaka kuwa na hakika. Kwenye boksi la kaka kulikuwa na kipande cha mkulo, mti mgumu wa misitu yetu, mabaki ya kitanda alichomtengenezea mtu wa Mlola. Akakichonga kabari mbili nyembamba, ndefu kama mkono, mgongo wake ukifuata ule mkunjo, tumbo likiwa nyoofu. Tukazifunga kwa skrubu chini ya ukingo wa mkia, kushoto na kulia, na rula ikapita juu yake bila mwanga. Kitu kimoja tu kimebadilika. Tukairudisha majini na Mama akaenda kuketi nyuma bila kuambiwa.

Niliongeza mafuta nikiwa nimebana meno. Boti ikapanda juu ya maji. Nikasukuma hadi mwisho. Pua ikakaa pale ilipo. Nguzo za nyavu zikatujia mbio, nikakata kona, mkia ukashika maji vizuri, tukarudi. Kaka akaanza kuimba, wimbo wa kwaya tena, kwa sauti ya nne, ile nzito, akipiga ubavu wa boti kama ngoma. Nikamwambia aache kupiga, faiba yenyewe anaijua ilivyo.

Kabari za mbao si za kudumu. Mchana kaka akaamua kujaza mkunjo kwa faiba. Boti ikavutwa tena, safari hii ikapinduliwa kabisa, kifudifudi. Akaukwaruza mkia hadi ukaonyesha nyuzi, akachanganya gundi na dawa yake ya kugandisha kwenye kopo, kwa vipimo alivyozoea mlimani. Alisahau jua la kule. Hajachovya brashi mara mbili, kopo likaanza kuwa la moto, akalihamisha mkono huu na huu, likatoa moshi, brashi ikaganda imesimama katikati kama kijiko kwenye ugali. Akalitupa mchangani likaendelea kufuka.

"Ulisema baridi ni rafiki wa fundi," nikamkumbusha. "Leo rafiki hakuja."

Akachanganya upya, dawa kidogo, gundi kidogo. Mama akasimama juu yake na mwavuli kumtilia kivuli yeye, kopo na mkia wa boti, akilalamika mkono unamuuma na akikataa mtu mwingine kuushika. Tabaka kwa tabaka, hadi ule uwazi ukajaa. Safari hii boti ikaachwa ilale kifudifudi juu ya mchanga laini ulioibeba sawasawa kila upande, na hakuna aliyeomba nafasi. Ilipokauka kaka akasugua kwa msasa, akapima kwa rula, akasugua, akapima. Kisha akaniita, akaita mwenyekiti, akaita hata mpishi wa maandazi aliyekuwa anapita, kila mtu alale achungulie aone kuwa hakuna mwanga. Tulilala wote kwa zamu.

Siku ya makabidhiano mwenyekiti alikaa kwenye usukani mwenyewe. Nilimfundisha: ongeza polepole, ikishapanda juu ya maji ndipo uinue injini kidogo, ukihisi usukani unakuwa mwepesi mno rudisha. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye mikono iliyotulia. Shida yake ilikuwa moja, hakutaka kumpa mtu mwingine. Kila tulipofika ufukweni alisema "mara moja tu ya mwisho," akageuza.

Katika moja ya hizo za mwisho mama mmoja kijana alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Alikuwa akingoja mtumbwi wa kumrudisha ng'ambo, ametoka kliniki kupima uzito wa mtoto. Mwenyekiti akamwambia apande. Akasita, akaitazama injini, akamtazama Mama aliyekuwa ameshakaa nyuma na jaketi lake kubwa.

"Inatikisika?" akamuuliza.

"Ilikuwa," Mama akasema. "Njoo ukae na mimi huku."

Akavua mbeleko, akampakata mtoto, tukamvalisha jaketi. Mwenyekiti aliondoka taratibu, kwa heshima, kisha akaongeza. Mimi nilikuwa mbele, uso nimeugeuzia nyuma, nikiutazama mkia ule kwa mazoea ya kazi. Boti ilikimbia imenyooka. Maji yalipasuka pande mbili sawasawa. Mtoto alikuwa amelala tangu ufukweni, kinywa wazi, kofia ya sufu imemshukia jicho moja, na Mama alimshikilia ile kofia kwa kidole isipeperuke. Yule mama kijana alikuwa amekaza shingo mwanzoni. Tulipopita katikati ya bwawa akaanza kuulizwa na Mama jina la mtoto, anakunywa uji wa nini, ana meno mangapi, na akawa anajibu kwa sauti ya kawaida, kama wameketi barazani.

Kaka aliniegemea akaniambia sikioni, "Amelala."

"Nimeona," nikamwambia.

Ng'ambo, boti ilipogusa matope, mtoto akafungua macho, akamwona Mama, akaangua kilio.